UZI: Mafundi wa malori, vidole vyetu vinaondoka na mtu wa pili

Fundi Breki (mleta uzi)

Wakuu, kila fundi wa lori akiumia mkono swali la kwanza la watu huwa ni moja: "Alivaa glavu?" Mimi hilo swali nimeshalichoka. Glavu inasaidia kwenye mikwaruzo, ncha za waya na uchafu. Dramu la breki la Scania lina kilo 50 hivi. Likikubana kwenye habu (kitovu cha gurudumu), glavu inatoka nzima, kidole ndani ndiyo kimesagika. Nikisikia fulani kaumia, mimi nauliza nani mwingine alikuwa kwenye hiyo gari na alikuwa ameshika nini.

Zifuatilieni ajali kubwa za mikono kwenye gereji zetu, kuanzia Tabata na Vingunguti mpaka Mbalizi na Tunduma. Nyingi utakuta zina watu wawili. Mmoja mkono wake uko ndani ya chuma. Mwingine ameshika kitu kinachosogeza hicho chuma: pedali, swichi, jeki, nyundo, mtaimbo. Wa pili hana nia mbaya. Anafanya anachodhani ameambiwa, tena kwenye kelele za grenda, kompresa na redio ya jirani.

Chukulia breki. Fundi kavua tairi na dramu, anahangaika na viatu vya breki, vidole viko kati ya rola na kemu, kile chuma kinachozunguka kutanua viatu. Anapaza sauti kwa dereva aliye juu: "Jaza upepo!" Yeye anataka geji ipande tu. Dereva anawasha, geji inapanda, kisha anakanyaga pedali "amsaidie". Kemu inazunguka kidogo sana, hata robo ya mzunguko haifiki, viatu vinatanuka na kurudi. Hapo kucha, nyama na mfupa vimeshakuwa kitu kimoja.

Njoo kwenye kingpini, ile pini inayounganisha tairi la mbele na ekseli. Imeshika kutu, imepigwa moto na gesi, bado imegoma. Kijana anashika panchi, kile chuma cha kusukumia pini nje, fundi amechuchumaa chini ya ekseli anazungusha nyundo nzito mahali ambapo hata kunyoosha mgongo huwezi. Panchi yenyewe kichwa kimechanua kwa kupigwa miaka. Nyundo ikiteleza inaenda kwenye vifundo vya kijana. Isipoteleza, kipande cha chuma kinaruka kutoka kwenye kile kichwa kilichochanua na kuzama mkononi au jichoni. Na dawa yake ni rahisi kuliko zote nitakazotaja: saga kichwa cha panchi kirudi sawa, kisha ichomelee kwenye nondo ya futi 3, anayeshika akae mbali na njia ya nyundo. Fundi wa kuchomelea hachukui hata robo saa.

Halafu kuna ile ya kupima tundu kwa kidole. Gia boksi inapandishwa na jeki, au pakiti ya springi inarudishwa, mtu anaingiza kidole aone kama matundu yamelingana. Mwenzake anapampu jeki mara moja zaidi. Vyuma viwili vikipishana tunduni ni mkasi. Tumia panchi nyembamba au bisibisi ndefu kutafuta tundu. Kidole kikae mbali.

Utaratibu ninaoudai kwangu ni huu. Mwenye mkono ndani ndiye pekee anayetoa amri. Mmiliki hatoi, mteja hatoi, na aliyesimama nje na chai yake hatoi. Wa pili anarudia neno alilosikia kabla hajafanya: "Unasema nikanyage?" Akijibiwa "kanyaga" ndipo anakanyaga. Asipojibiwa, mguu unakaa mbali na pedali.

Na mambo ya "we washa tu, hamna kitu" yaishe.

---

Utingo Mstaafu

Umenikumbusha mbali mkuu. Dereva wangu alikuwa na tabia, ukiwa chini ya gari anapiga honi "kukuamsha". Honi ya upepo ukiwa umelala chini ya ekseli unaruka na kichwa kinagonga chasi. Siku hizi ni mzee wa kanisa.

---

Mama Malori

Naomba nikosoe kidogo, na mimi ni mmiliki, nina Fuso na Howo tipa. Mafundi mnapenda kutupa lawama kwa dereva na tajiri. Nimenunua glavu, zimeuzwa. Nimenunua stendi za jeki, siku naingia gereji bila taarifa nakuta Howo imekaa juu ya gogo na jiwe, stendi ziko kwenye gari ya mteja mwingine. Halafu haraka ni yenu wenyewe. Fundi anashika magari 3 kwa mpigo, anakimbia huku na kule, kila gari kaacha kijana asiyejua kitu. Hapo tajiri kakosea wapi?

---

Fundi Breki

Mama Malori, sikubishii kwenye stendi. Gogo ni upumbavu wetu wenyewe, na jeki si kitu cha kuachia gari peke yake hata kama ina tani 50 zilizoandikwa ubavuni.

Lakini haraka hiyo ina mama na baba. Fundi wa gereji bubu (isiyosajiliwa) halipwi kwa siku, analipwa kwa kazi. Gari ikilala, hajala. Tajiri naye anapiga simu kila nusu saa, mzigo wa Zambia unasubiri, dereva anahesabu siku za posho. Kijana ndiye yuko chini kabisa: hana mshahara, ana hela ya kula na ahadi ya kufundishwa. Huyo akiambiwa "shika hapa" hawezi kusema "subiri kwanza". Ndiyo maana mkono wake ndio unaotangulia kuingia. Nimeshaona gereji ambayo kila aliyepita pale kama kijana ana alama kwenye mkono wa kushoto, yaani ule wa kushikia panchi.

---

Kijana wa VETA

Shikamoo wakuu. Niko mwaka wa pili, ufundi wa magari makubwa. Tumeambiwa darasani tusifungue busta ya nyuma (kopo la upepo linalosukuma breki) lakini field nimeona fundi anafungua klampu kwa spana ya kawaida. Ni kweli ni hatari hivyo au wanatutisha?

---

Fundi Breki

Marahaba. Hawawatishi, na mwambie huyo fundi akuache ukae mbali siku akifanya tena.

Busta ya nyuma ina vyumba viwili. Kile cha mbele ni cha breki ya mguu. Kile cha nyuma kina springi kubwa iliyobanwa, inayosukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 500. Upepo ukiwepo, springi inarudishwa nyuma na breki inaachia. Upepo ukiisha, springi inatoka na gari linashika. Sasa ukifungua klampu ya chumba cha springi, kile kifuniko kinaruka na hakuna mkono wa binadamu wa kukizuia. Kimeshaua watu duniani, acha mikono.

Kuna bolti ndefu, mara nyingi imechomekwa kwenye mfuko wake ubavuni mwa busta yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuibana springi kabla ya kushusha busta kwenye ekseli. Unaingiza nyuma, unazungusha mpaka ishike, unakaza nati mpaka springi irudi. Kwenye magari yetu hayo mabolti yamepotea zamani, yametumika kufungia betri. Kama halipo na huna la kuazima, kazi isimame. Na hata springi ikiwa imebanwa, chumba cha nyuma hakifunguliwi. Kikiharibika kinabadilishwa kizima. Anayekwambia anabadilisha raba ya ndani ili mpunguze gharama, mwache afanye peke yake, wewe nenda kanunue maji.

---

Mtu wa Tairi

Uzi mzuri ila mmesahau mbaba wa ajali zote: rimu ya ringi, ile ya vipande inayofungwa kwa ringi ya chuma ubavuni.

Tairi za tyubu, 10.00R20, 11.00R20, 12.00R20, zimejaa Fuso na matipa ya Kichina. Ile ringi ya kufungia ikiwa na kutu, imepinda, au imetoka kwenye rimu nyingine isiyo ya kwake, unajaza upepo inakaa kama imekaa. Ukifika paundi 80, 90, anakuja mtu na nyundo anaigonga "ikae vizuri" huku mkono mwingine umeshikilia. Ikiruka haichagui kidole. Inachukua mkono wote, au kichwa.

Mimi nina sheria mbili. Ringi haigongwi ikiwa na upepo. Imekaa vibaya? Toa upepo wote, chomoa sindano ya valvu, anza upya. Na sijazi nikiwa nimeinama juu ya tairi: kichwa cha bomba ni cha kubana chenyewe kwenye valvu, bomba ni refu, nasimama pembeni upande wa kukanyagia, mbali na ringi. Zamani tulikuwa tunageuza ringi chini, tunaweka juu yake mnyororo. Mnyororo ni kujipa moyo. Kizimba cha chuma, tairi likae ndani wakati linajazwa, ndiyo chenyewe.

---

Babu G

Hizi habari za pete mbona hamsemi? Nikivua pete wife atanielewa kweli 😂

---

Nesi wa Zamu

Babu G, ivue asubuhi mbele yake umpe akutunzie, ndoa haitavunjika. Pete ikinasa kwenye bolti wakati unaruka kutoka kwenye kabini au kwenye bodi, uzito wa mwili wote unaning'inia kwenye kidole kimoja. Ngozi inavuka pamoja na mishipa, inabaki mifupa. Wengi wanaoletwa hivyo kidole hakirudi. Pete hiyohiyo, au mkanda wa saa wa chuma, ikigusa nguzo ya betri na chasi kwa pamoja inawaka nyekundu ikiwa kidoleni. Malori yana betri mbili zimeunganishwa kuwa volti 24, siyo za kuchezea.

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme ninayoyaona zamu za usiku, maana wengi wanaletwa vibaya kuliko walivyoumia.

La kwanza, petroli. Fundi amekatika, wenzake wanammwagia petroli au dizeli "kuua wadudu". Wengine mafuta ya breki, wengine grisi, kahawa, majivu. Vyote hivyo vinachafua au kuunguza nyama iliyokuwa bado hai, na daktari anaanza kuosha uchafu wenu kabla ya kutibu jeraha. Maji safi yanayotiririka, mengi. Kitambaa safi, bana kwa nguvu moja kwa moja juu ya panapotoka damu, inua mkono juu ya kifua, usifungue kila dakika kuchungulia. Pete zote toa mara moja kabla ya kuvimba, hata za vidole visivyoumia.

La pili, kidole kilichokatika. Kinaletwa ndani ya chupa ya barafu kinaelea, au mfukoni, au hakiletwi kabisa, kimebaki chini ya gari. Kiokote. Kama kina mchanga, kisuuze kwa maji safi, usikisugue. Kifunge kwenye kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, weka ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ufunge. (Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mifuko ya vifungashio vya vyakula ipo kila duka.) Mfuko huo ndiyo uweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu, nayo inaunguza. Kidole kilichopoozwa hivyo kinaweza kuvumilia saa nyingi kuliko kilichoachwa kwenye joto la Dar. Kurudishwa siyo uhakika, na kilichosagwa na dramu ni nadra, lakini usimnyime daktari nafasi hiyo. Na hata kama hakirudi, kuna ngozi yake inaweza kutumika.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu mgonjwa anakuja akitembea, anacheka. Tundu dogo kama la sindano, halitoki hata damu. Alikuwa anapima nozo (kinyunyizio cha dizeli cha injini), au alipitisha kidole kwenye bomba la haidroliki la tipa kutafuta panapovuja, au bunduki ya grisi imempiga. Anapewa dawa ya maumivu anarudi kazini. Usiku mkono umevimba, umebadilika rangi. Mafuta yameingia chini ya ngozi kwa presha na kusambaa kando ya mishipa mpaka kiganjani, nyama inakufa ndani kwa ndani. Huyu anatakiwa afunguliwe mkono na daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Akisubiri kesho, tunaongelea kukata. Ukifika mapokezi usiseme "nimechomwa na kitu", sema hivi: "Nimepigwa na mafuta ya presha, yameingia ndani ya mkono." Taja mafuta gani. Kama kituo ulichopo hakina upasuaji, dai rufaa hapohapo.

Na sindano ya pepopunda jamani. Kutu na mavumbi ya barabarani mnayajua.

---

Fundi Breki

Nesi ubarikiwe. Niongeze kwa wenzangu ukubwa wa hiyo presha. Tairi la lori lina bar 8 hivi na mnaliogopa. Nozo za kawaida kwenye mashine ya kupimia zinafunguka bar 200 na zaidi. Hizi injini mpya za komoni reli zinapita bar 1,600. Bomba linalovuja tafuta kwa kipande cha katoni, pitisha katoni siyo kidole. Na hapa pia mtu wa pili yupo: wewe umeshika nozo, yeye anasukuma mkono wa pampu akiongea na simu.

---

Makanika Mariakani

Wazee, niko upande wa Kenya, gereji ya trela njia ya Mombasa. Hapa kwetu bosi alileta mambo ya kufunga. Anayeingia chini ya gari anaondoka na ufunguo wa gari mfukoni mwake, na kwenye usukani anatundika kibao "MTU CHINI". Madereva walicheka mwanzo, saa hii hakuna anayepanda kabini akiona kibao. Shida ilikuwa magari ya kitambo, yale staata inawashwa kwa bisibisi, ufunguo hauzuii kitu. Hizo tunatoa waya wa nega (hasi) kwenye betri, tunaufunga na kitambaa. Anayeset tapeti (nafasi za valvu) akizungusha flaiwili kwa mkono anajua hakuna wa kumkoroga.

Jambo lingine, boi wetu mmoja alipoteza ncha za vidole 2 na alilipwa. Sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, inamtaka mwajiri awe na bima ya kila mfanyakazi. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 unahesabiwa kwa mapato ya miezi 96, halafu unashuka kulingana na asilimia daktari aliyoandika. Bila ripoti ya daktari na bila mwajiri kuripoti, hakuna kitu. Huko Bongo mnafanyaje?

---

Mzee wa Mikataba

Bongo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008, ulianza kukusanya michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa sasa kiwango ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kijana anayelipwa 300,000 kwa mwezi, mchango wake ni 1,500. Soda mbili. Ukilazwa au kushindwa kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Vidole mara nyingi vinaangukia kwenye mkupuo.

Kinachowanyima watu ni karatasi. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa kwa mfuko ndani ya siku 7 tangu alipojulishwa. Sasa anayeumia anaambiwa "tutamalizana", anapewa nauli na laki moja, miezi inakatika, mashahidi wamehamia Kahama. Siku hiyohiyo ya ajali mwambie mwajiri kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp, wenye tarehe, saa, namba ya gari na nani alikuwepo. Hospitali wakiandika historia, hakikisha wameandika umeumia kazini. Nimeona faili limeandikwa "ameanguka nyumbani" kwa sababu aliyempeleka ni msimamizi wa gereji. Jamaa alizungushwa mpaka akachoka.

Kuhusu kina Mama Malori: gereji ikisajiliwa, haya yote yanawezekana. Gereji bubu haina orodha ya mishahara, huwezi kumchangia mtu ambaye kwenye karatasi hayupo. Na vifaa kinga pamoja na usalama wa eneo la kazi ni jukumu la mwajiri kwa Sheria Na. 5 ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

---

Utingo Mstaafu

Soda mbili! Na watu wananyimwa.

---

Mama Malori

Nimesoma yote. Nakubali kuhusu simu za kila nusu saa, nitapunguza, siahidi kuacha. Tuache maneno sasa, Mtu wa Tairi nipe vipimo vya kizimba. Tairi zangu zote ni 12.00R20.

---

Mtu wa Tairi

Tairi hilo lina kipenyo cha kama milimita 1,125 na upana wa kama 315. Ndani kiwe na nafasi liingie kwa kubiringisha likiwa limesimama, usilazimike kulisukuma kwa bega. Tumia bomba nene la chuma, matao manne au matano, yaungwe chini na juu kwa vyuma vya kulala, chomelea pande zote siyo kugusagusa. Kiache wazi katikati ya matao, usikizibe kwa bati, upepo ukilipuka unahitaji pa kutokea. Usikiegemeze ukutani. Kikiwahi kupigwa kikapinda hata kidogo, au kiungo kilichochomelewa kikipasuka, usikinyooshe ukaendelea nacho. Na bomba la kujazia liwe na geji na koki mbali na kizimba, anayejaza asisimame mbele ya ringi.

---

Mama Malori

Sawa. Kesho namtuma kijana Gerezani akaulizie mabomba.

---

Mtu wa Tairi

Aende na rula. Wakimpa ya maji ya inchi moja, arudi bila kununua.